Kabla Hujanunua Boti Yenye Mguu wa Zamani, Uliza Maiti Zake Ziko Wapi

Wasee, leo naanza na kukiri. Ile video yangu ya boti nyeupe pale Mtwapa, ile nimesimama nyuma ya boti nikisema "hii ni kama kuokota pesa barabarani," bado inatazamwa. Kila wiki kuna mtu ananitumia picha ya boti inayofanana na ile, ananiuliza, "Ndugu yangu, niichukue?" Mwezi jana mmoja aliniambia ameshalipa nusu ya bei. Huyo ndiye amenifanya niketi chini niandike. Video ilisema ukweli wa siku moja. Hapa nasema ukweli wa miezi 14 iliyofuata.

Boti ilikuwa ya futi 18, faibaglasi, viti vyeupe, na kijukwaa kidogo nyuma cha kuogelea. Zamani ilikuwa ya hoteli, ikitumika kuvuta watalii kwa ski za maji. Kisha ikakaa yadi miaka kadhaa chini ya turubai. Mjomba wangu alikuwa nahodha wa boti za watu kwa zaidi ya miaka 20. Kazi ilipoisha na akalipwa haki zake, alitaka kitu kimoja tu: aendeshe boti yake mwenyewe kabla magoti hayajamkataa. Alikuwa ameshaona nyingine, ya mbao, rangi imebanduka, sura mbaya kabisa, na Yamaha ya nguvu 40 imening'inia nyuma. Bei zilikaribiana.

Mimi ndiye niliyemwambia achukue ile nyeupe. Nilikuwa nimeacha chuo muda si mrefu, na nyumbani kila mtu alikuwa ananiangalia kwa lile jicho la "sasa huyu naye atafanya nini." Nilitaka sana niwe na jibu la kitu. Nikaingia mtandaoni siku tatu, nikatoka na maelezo mengi, nikamkalisha Mjomba chini nikamfundisha habari za boti. Yeye, mtu wa miaka 20 baharini. Na akanisikiliza.

Kwa wale hawajawahi kuiona: boti zetu nyingi huku Pwani zina mashine ya kuning'inia nyuma, kichwa juu, propela chini, yote kitu kimoja. Ile nyeupe ilikuwa na stendraivu. Hapo injini inakaa ndani ya boti, kwa sanduku, kama injini ya gari. Nguvu inatokea kwa tundu lililokatwa kwenye ubao wa nyuma, inapita kwa krosi kama zile za propela shafti ya lori, halafu inaingia kwa mguu wa alumini ulio nje. Ndani ya mguu kuna gia za juu zinazopinda nguvu iende chini, na gia za chini zinazoipinda tena iende kwa propela. Mguu huo huo ndio unaoelekeza boti: ukizungusha usukani, wote unageuka. Ukifika maji mafupi, unauinua.

Volvo Penta walileta Aquamatic yao mwaka 1959. MerCruiser wakafuata 1961, na mwaka 1962 wakaja OMC, wale wale wenye Johnson na Evinrude. Ya Mjomba ilikuwa OMC Cobra, aina iliyotengenezwa kuanzia 1986 hadi mapema miaka ya 1990. Yaani ule mguu ulinizidi umri.

Sasa sikia nilichomwambia Mjomba. Nilimwambia injini ni ya GM, petroli, silinda 4, lita 3.0. Nikamwambia MerCruiser pia waliitumia injini ya aina hiyo hiyo, na waliendelea nayo miaka mingi baada ya Cobra kuisha, kwa hiyo gasketi, pistoni na plagi zinapatikana. "Mjomba, spea zake ni kama za gari." Hiyo sentensi ilikuwa nusu kweli, na nusu kweli ndiyo inayokula pesa za watu. Injini ilikuwa na jamaa dunia nzima. Mguu ulikuwa yatima.

Uyatima wenyewe ulianza hivi. Mwaka 1993 OMC waliungana na Volvo Penta kwa biashara ya stendraivu, na miguu mipya ikaja kwa muundo mwingine. Cobra ikaachwa nyuma. Desemba 2000 OMC wenyewe wakafilisika. Mwaka uliofuata Bombardier wa Kanada walichukua Johnson na Evinrude, lakini hakuna aliyeanza tena kutengeneza Cobra. Tangu hapo, mwenye Cobra anaishi kwa mambo matatu: akiba iliyobaki kwa maghala, nakala za kampuni zinazotengeneza spea za watu wengine, na vilivyofunguliwa kwa boti zilizokufa. Hayo yote niliyasoma. Niliyaruka kwa sababu boti ilikuwa inapendeza kwa kamera.

Tulinunua Agosti. Miezi mitatu ya kwanza ilikuwa raha tupu. Ikitoka krikini ilikuwa inapaa, na ile sauti ya injini ikiwa ndani ya sanduku ni nzito na tamu. Mjomba alivaa kofia mpya.

Novemba tulikuwa na wageni sita, mmoja mtoto wa miaka kama minane. Tunarudi gatini, Mjomba akarudisha gia katikati. Kigingi kikakubali, kikakaa katikati kabisa. Boti ikaendelea kwenda mbele. Akajaribu kurudi nyuma, gia ikagoma. Akazima injini, lakini boti ya futi 18 yenye watu wanane haisimami kwa sababu umeiambia. Tuligonga gati. Faibaglasi ya mbele ikapasuka, yule mtoto akaanguka akapasuka mdomo. Damu kidogo tu, ila ni damu ya mtoto wa mtu. Mjomba aliwarudishia pesa zote, akawaombea radhi mmoja mmoja. Mimi nilikuwa na simu mkononi, nilikuwa narekodi tukirudi. Ile video nyingine sijawahi kuiweka popote.

Kesho yake tukaenda kwa fundi mmoja mzee pale pale Mtwapa, mtu aliyetengeneza mashine za boti tangu zamani. Hakufungua chochote kwanza. Alishika kigingi cha gia, akakisukuma na kukirudisha mara mbili, akasema, "Kebo."

Akatueleza. Kwa Cobra, kebo ya gia inatoka ndani ya boti inapita kwa tundu la nyuma hadi kwa mguu. Kila ukikata kona inapindika. Kila ukiinua mguu inapindika. Ikianza kukwama ndani ya ganda lake, kigingi kinakwambia uko katikati lakini kule chini meno bado yameshikana. Tena kuna swichi inayokata moto wa injini kwa nukta moja ili meno yaachiane, na kebo ikiwa nzito, swichi hiyo nayo inapotea mpango. Ni ugonjwa wa Cobra unaojulikana. Ukiwa na kebo nzuri na mtu anayejua kuipima, unaisha.

Halafu akaniuliza mimi, si Mjomba. "Kijana, Cobra ngapi umeona zimekufa hapa krikini?"

Nikajibu kwa kujiamini kabisa. "Hata moja, mzee."

Akacheka. "Basi yenu itakufa peke yake."

Akanionyesha nyuma ya kibanda chake. Kulikuwa na Yamaha zimelala kama samaki waliopaliwa: vichwa bila vifuniko, miguu bila propela, moja imebaki ubavu tu. "Hizi ndizo duka langu. Mtu akija asubuhi na Yamaha imegoma, mchana ameshaondoka. Wewe umeniletea kitu kisicho na maiti."

Hilo neno limekaa kichwani mwangu mpaka sai. Mimi nilidhani mashine ya kuaminika ni ile haiharibiki. Kumbe mashine zote zinaharibika, bahari haina mjukuu. Ya kuaminika ni ile ikiharibika inarudi kazini haraka. Na hiyo haiko ndani ya mashine. Iko kwa ndugu zake waliokufa karibu nawe, na kwa fundi aliyewazika.

Kebo haikupatikana Mombasa. Nairobi nilipiga simu kila mahali, wengine walidhani naulizia nyoka. Mwishowe binamu yangu aliye Marekani akaipata, nakala ya kampuni nyingine, na ikaja na mtu aliyekuwa anasafiri. Wiki saba. Ilifika katikati ya Januari. Kebo yenyewe haikuwa ghali, na hapo ndipo watu wengi wanakosea hesabu. Ghali ilikuwa Desemba. Mtu wa boti huku Pwani anakula mwaka mzima kwa Desemba, na Mjomba aliipitisha Desemba yake ameketi ukutani akihesabu boti za wenzake zikitoka.

Kosa la pili nalo lilikuwa langu. Fundi alikuwa ametuambia tuagize raba zote kwa pamoja: kebo, impela ya pampu ya maji, sili, na ile raba ya mikunjo kama kodiani inayofunika krosi pale nguvu inapotoka nje. Mimi nikasema tubane matumizi, tuagize kebo tu. Fundi alipofungua kuweka kebo, akanionyesha raba ya mikunjo: nyufa nyembamba kwa kila mkunjo. Akasema, "Hii inakupa muda, haikupi mwaka."

Ilitupa hadi Aprili. Kwanza tukasikia mngurumo kila Mjomba akikata kona. Maji ya chumvi yalikuwa yameingia kwa krosi na kwa beringi iliyo nyuma yake. Fundi akamwaga oili ya mguu, ikatoka nyeupe kama chai ya maziwa. Oili ikitoka hivyo, maji yako kwa gia. Na kweli, gia za juu zilikuwa zimeanza kuliwa uso. Beringi na krosi tungeweza kuhangaika nazo. Gia zenyewe tulizipata kwa watu wanaofungua boti za zamani kule Marekani: zilizotumika, bila dhamana, na ukiweka nauli ya mzigo zilipita nusu ya bei tuliyonunulia boti nzima.

Njia za mkato nilizitafuta, msidhani sikujaribu. Altaneta ilipoanza kusumbua wakati huo huo, nikasema si tuweke ya gari, injini si ni ya GM? Fundi alinipigia kelele mpaka watu wakageuka. Kwa gari, mvuke wa petroli unapeperuka chini. Kwa boti, injini iko ndani ya sanduku, mvuke unatuama pale sakafuni na hauna pa kutokea. Altaneta na stata za boti zimefunikwa zisirushe cheche. Ya gari inarusha. "Unataka kumlipua mjomba wako kwa sababu ya shilingi elfu kumi?" Kwa hiyo hata ile nusu ya ukweli wangu ilibidi ikatwe tena nusu.

Sasa tuwe waungwana. Je, Cobra ni mbovu? Sidhani. Kwa ziwa lisilo na chumvi, boti ikitolewa majini msimu wa baridi, raba zikibadilishwa kwa wakati, mtu anaishi nayo vizuri. Sisi tuliiweka kwa maji ya chumvi yenye joto, mwaka mzima, na mguu wa alumini ndani ya chumvi unataka zinki zake ziangaliwe kila mara, kwa sababu zinki ndiyo inayoliwa badala ya mguu. Tena kuna mtu kabla yetu alipaka chini ya boti ile rangi ya shaba ya kuzuia chaza, akaipaka hadi karibu kabisa na mguu. Shaba na alumini ndani ya maji ya chumvi ni maadui, na alumini ndiyo hushindwa. Hayo yote yalikuwa yanaonekana kwa macho siku ile nilipokuwa narekodi. Sikuyaangalia.

Na kuacha kutengenezwa pekee si kifo. MerCruiser Alpha One ya kizazi cha kwanza iliisha zamani, kizazi cha pili kikaingia mwaka 1991. Lakini zilitengenezwa nyingi mno, kampuni yake bado iko hai, na nakala za spea zake ziko tele. Hiyo imestaafu, lakini ina watoto. Upande wa pili, usidhani upya unakukinga. Mei 2020 kampuni yenye Evinrude ilitangaza kuacha kutengeneza mashine hizo kabisa. Waliahidi kuendelea kutoa spea na kuheshimu dhamana, lakini fikiria mtu aliyetoka dukani na yake mwezi huo huo. Kwa hiyo swali la "ni ya mwaka gani" halitoshi.

Haya ndiyo maswali ningeuliza leo, kwa mpangilio huu.

Kwanza, jina kamili la mguu na namba ya modeli iliyo kwenye kibati chake, kabla ya bei. Muuzaji akikwambia "ni ya Marekani, ni imara," hajajibu.

Pili, jifanye imeshaharibika. Piga simu kwa maduka matatu ukiulizia kebo ya gia, raba ya mikunjo, impela, krosi na gia za juu. Andika bei, na andika siku. Siku ni muhimu kuliko bei.

Tatu, maiti ziko wapi? Zunguka kwa mafundi wa eneo lako. Kama hakuna aliye na hata mguu mmoja wa aina hiyo umelala nyuma ya kibanda, wewe ndiye utakuwa wa kwanza.

Nne, mwaga oili ya mguu uione rangi yake. Washa injini ikiwa polepole, boti ikiwa majini, zungusha usukani hadi mwisho pande zote mbili usikilize. Ikinguruma kwa kona, simama hapo.

Tano, bei halisi ya boti ni bei ya boti, jumlisha mguu mmoja, jumlisha wiki inazoweza kulala. Ukishajumlisha, ile ya mbao yenye rangi iliyobanduka inaanza kupendeza.

Sisi tulimalizaje? Tuliitoa injini. Tundu la nyuma likazibwa kwa faibaglasi na mbao mpya. Mjomba akakopa kwa chama, akanunua Yamaha ya nguvu 40 iliyotumika, akaining'iniza. Ilikuwa Oktoba. Ndiyo, mashine kama ile ile aliyotaka tangu mwanzo, ila sasa alikuwa amelipa mara mbili, na deni juu. Boti nayo ni nzito kwake. Tukijaa watu haipandi juu ya maji, inajikokota tu. Lakini tangu hapo haijawahi kulala zaidi ya siku mbili.

Siku moja nilimuuliza kwa nini alinisikiliza, na yeye alijua. Alikuwa anashona wavu, hakuinua uso. "Nilijua mashine. Lakini pia nilijua hujapata mtu wa kukusikiliza tangu urudi nyumbani." Sikuwa na la kusema. Bado sina. Natoa sehemu ya ninachopata kwa video kila mwezi kwenda kwa deni la chama, na sijafika nusu.

Mguu wa Cobra uko nyumbani kwake, chini ya mkorosho. Miezi miwili iliyopita alikuja jamaa kutoka Kilifi, ana boti kama ile, kebo imekatika. Alitufuata kwa sababu ya ile video. Mjomba akamuuliza, "Umeona ngapi zimekufa?" Jamaa akasema, "Yenu tu, mzee." Mjomba akacheka kama yule fundi, akamfungulia kebo yetu, ile ya wiki saba, akamuuzia kwa bei tuliyoinunulia. Kabla hajamkabidhi alimpa habari yote, kuanzia gatini hadi chai ya maziwa. Jamaa aliondoka na kebo siku hiyo hiyo. Sisi ndio tumekuwa duka.

Video sitaifuta, kwa sababu ukiifuta mtu mwingine ataiweka. Nimeweka andiko hili juu yake, mtu alione kwanza.

Na wewe uliyelipa nusu, najua unasoma. Usinitumie picha tena. Nenda kasome kile kibati kilicho kwenye mguu, upige simu tatu leo, uulizie kebo. Wakikwambia wiki saba, hiyo nusu uliyolipa ndiyo hasara ndogo zaidi utakayopata kwa hiyo boti.